Barua ya Kufunga Mwaka: Matokeo ya Darasa la Saba, Utoro wa Korosho na Jambo Lililoniuma

Ndugu Wazazi na Walezi,

YAH: KUFUNGA SHULE NA MATOKEO YA MITIHANI YA TAIFA 2024

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nianze na furaha, maana ni yenu pia. Watoto wetu 61 walifanya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi tarehe 11 na 12 Septemba, na 58 wamefaulu. Hiyo ni asilimia 95. Kitaifa waliofaulu ni asilimia 80.87. Wale waliozoea kutuita "shule ya mabibo" nadhani sasa watatafuta jina jingine. Baraza la Mitihani siku hizi halitangazi shule bora wala zilizoshika mkia, nami naona ni vizuri, ingawa nimesikia pale mnadani mmeshapanga msimamo wenu kama wa ligi na mmetuweka juu ya majirani zetu. Sitabishana nanyi.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake wa kwanza ndiyo kwanza anafika huko: masomo ni sita, kila moja lina alama 50, jumla 300. Anayefikisha 121 amepata Daraja C, naye amefaulu. Miaka mitatu iliyopita wastani wa shule nzima haukufika hapo. Mwaka huu tuko Daraja B.

Mnajua tumetoka wapi. Mwaka juzi kwenye moko, yaani mtihani wa majaribio kabla ya ule wa Taifa, nilimwona mtoto mwerevu ameruka swali la 17, akaendelea kuweka kivuli mstari mmoja juu mpaka mwisho wa fomu ya majibu. Majibu alikuwa nayo, ila kila moja lilikaa kwenye nyumba ya jirani. Tangu hapo Mwalimu wa Hisabati akasema hapana. Akarudufu fomu za mfano, na kila asubuhi kabla ya uji watoto wakafanya maswali matano kwa penseli ya HB: namba ya swali kwanza, kidole juu yake, ndipo kivuli. Ukikosea, futa mpaka karatasi iwe nyeupe. Niliona ni mchezo. Mwezi wa tatu nikaacha kucheka, na mwezi wa sita Hisabati, mwiba wetu wa miaka yote, ikaanza kutoa B. Mwalimu huyu anapanga chumba kimoja nyuma ya duka. Mkikutana naye njiani, mpeni mkono.

Nawashukuru pia mliosimamia kambi ya Darasa la Saba: akina mama mliopika kwa zamu, waliotuazima taa za sola, na yule bibi aliyeleta mihogo kila Ijumaa ilhali hana mjukuu hata mmoja shuleni kwetu.

Mengine kwa ufupi. Ripoti za maendeleo watoto wamepewa. Zisomeni, zisifungiwe karanga. Choo cha wasichana kimekamilika. Upimaji wa Darasa la Nne ulifanyika tarehe 23 na 24 Oktoba na matokeo tunayasubiri. Asiyefikia kiwango atakariri darasa, na hilo si la kuja kuniomba ofisini. Wazazi wa Darasa la Tatu na la Nne, wekeni akilini kwamba kwa mtaala mpya watoto wenu watamaliza pamoja mwaka 2027, hawa wakiwa la Sita na wale wakiwa la Saba. Mwenye watoto wawili humo aanze kujipanga sasa.

Sasa uji. Kwenye mkutano wa Februari ninyi wenyewe mlinyoosha mikono: debe moja la mahindi na shilingi 3,000 za mpishi. Leo ni Desemba na karibu nusu hamjatoa. Nikiuliza naambiwa, "Mwalimu, si elimu ni bure?" Michango ya lazima imefutwa tangu Januari 2016, ni kweli, na hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya debe. Lakini ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka mzima, na sehemu yake ni ya vitabu. Ukiigawa yote kwa siku 194 za masomo unapata kama shilingi 51 kwa siku. Andazi la kwa mama pale njia panda halinunuliki. Na fedha hiyo ndiyo inunue chaki, ndiyo ichape majaribio ya kila mwezi, ndiyo irekebishe bawaba za milango. Mahindi hayamo. Mtoto anayekaa na njaa hadi saa nane hawezi kushindana na aliyekunywa uji saa nne, na wote wawili watawekewa karatasi ile ile. Wenye madeni, orodha iko kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule.

Utoro. Kuanzia Septemba naijua siku ya mnada bila kuuliza, maana nasikia mwangwi wa sauti yangu darasani. Ijumaa moja ya Oktoba, Darasa la Tano lenye watoto 73 lilikuwa na watoto 31. Waliobaki walikuwa wanaokota korosho. Nimewakuta wawili barabarani wakiuza korosho kwa bakuli, ile biashara ya magendo tunayoiita kangomba, na chenji wanaipiga haraka kuliko nilivyowahi kuwaona wakipiga hesabu ubaoni. Sipingi mtoto kusaidia nyumbani. Mimi mwenyewe nimesomeshwa na korosho. Jumamosi na Jumapili zipo, na jioni ipo. Mtoto aliyekosa wiki tano mfululizo halafu mzazi anakuja Desemba kuniuliza kwa nini ameshuka, huyo mzazi ananitania.

Mzazi aliyenivuta pembeni mwezi Agosti kuniuliza kama "karatasi imepatikana", jibu langu ni lile lile. Mwaka 2022 Baraza lilifungia vituo 24 kwa udanganyifu. Hapa hatutakuwa cha 25.

Nakuja kwenye jambo ambalo nimekaa nalo wiki tano.

Katika watatu ambao hawakufaulu, mmoja aliumwa wiki ya mtihani, mwingine utoro wake ni wa tangu la Tano. Wa tatu ni binti aliyesoma risala ya mahafali. Mlimsikia. Aliiandika mwenyewe, mimi nilirekebisha koma mbili tu. Moko alipata alama 214. Mtihani wa Taifa: E masomo yote sita, Kiswahili kikiwemo. E ni alama 0 hadi 10. Nilidhani mashine imekosea na nikaanza kuandika barua kwa Afisa Elimu. Kabla sijaituma nikamwita, akakaa na mwalimu wa malezi zaidi ya saa moja bila neno. Mwishowe akasema: "Majibu niliyajua. Niliweka kivuli herufi ya pembeni." Kwa nini? "Nyumbani walisema nisifaulu."

Sitataja nyumba. Wenyewe mnajijua na mnaisoma barua hii. Wengine wanasema kuna ndugu Dar es Salaam anatafuta msichana wa kazi, wengine wanasema kuna posa. Kama ni posa, fahamuni kwamba kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30, na Mtendaji wa Kijiji anazo taarifa. Lakini si sheria iliyoninyima usingizi. Kila swali, mtoto yule alitafuta kwanza jibu sahihi ili alikwepe. Kwa siku mbili. Mimi nimesimamia mitihani mingi, sijawahi kuona mgumu kama huo. Na shule ya serikali haimpokei Kidato cha Kwanza kwa matokeo yale.

Si wa kwanza. Nimefungua mafaili ya nyuma na nimekuta wengine wanne wa namna hii, wote wasichana, ambao tuliwaandika "ameshuka" tukafunga faili. Hilo ni kosa letu walimu, nami nalibeba.

Najua sekondari iko kilomita 9 na binti hulazimika kupanga chumba kule. Najua sare, daftari, godoro. Anayeogopa hayo si mjinga. Njoo ofisini tuyazungumze, tuone nani ana ndugu karibu na shule. Usimtume mtoto ajifelishe.

Kuanzia Januari, alama za jaribio la kila mwezi za Darasa la Saba zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kila mzazi atakuja kuzisaini mwenyewe, si kwa kumtuma kaka mtu. Mtoto anayepata 200 ubaoni kuanzia Februari hadi Agosti, kisha akapata E sita Septemba, sitamwita yeye. Nitaita nyumba yake, mbele ya Kamati.

Wanaopeleka watoto jandoni na unyagoni likizo hii, wawe wamewatoa kabla shule haijafunguliwa. Fomu za waliochaguliwa Kidato cha Kwanza zikija, nitawatangazia kupitia msikitini, kanisani na kwa wenyeviti wa vitongoji.

Sufuria kubwa la kambi, lenye mpini mmoja, halijarudi. Aliye nalo alilete kabla ya Ijumaa, mpishi analihitaji.

Wenu katika kazi,

Mwalimu Mkuu