Betri za bodaboda ziwe za aina moja

Mhariri,

Huu ni mwaka wangu wa pili kuendesha bodaboda ya umeme hapa Nairobi, na petroli sirudii. Haina kelele, haitaki oili, na pesa nilizokuwa nikiziacha kituoni kila jioni sasa zinafika nyumbani.

Serikali imefanya la maana. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri, nayo hushuka zaidi usiku, wakati umeme unaozalishwa kwa mvuke wa ardhini huko Olkaria unakosa wa kuutumia.

Kinachotutesa ni betri. Kila kampuni ina yake na haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Mwezi uliopita chaji iliniishia usiku nikiwa nimembeba mama mjamzito. Kituo cha kubadilishia betri kilikuwa ng'ambo ya barabara, taa zinawaka, lakini si cha kampuni yangu. Mama wa watu ikabidi ashuke, asubiri pikipiki nyingine gizani. Iliniuma sana.

Norway, ambayo yenyewe huchimba mafuta, mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 yalikuwa ya umeme. Serikali yao haikuishia kwenye msamaha wa kodi, ilisaidia pia kujenga vituo vya kuchaji kando ya barabara kuu.

Naomba wizara husika na KEBS, shirika la viwango vya ubora nchini, waketi na kampuni hizi waafikiane umbo moja la betri, na sisi waendeshaji tuitwe kwenye kikao hicho.

Mwendesha bodaboda,
Kayole, Nairobi