Kwenye maumbo, boksi litangulie kishikwambi

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaotaka kila mwanafunzi wa shule ya msingi apewe kishikwambi ndipo Hisabati ieleweke. Nafundisha somo hilo darasa la tano na la sita hapa Newala, na kishikwambi ninacho, kimojawapo cha vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha tukagawiwa walimu. Sikikatai. Ila kwenye maumbo, boksi litangulie.

Chora mchemraba ubaoni, uulize una kingo ngapi. Wengi watajibu tisa. Wala hawajakosea kuhesabu: kwenye mchoro zinaonekana tisa, tatu zimejificha nyuma. Kwenye kishikwambi unaligeuza umbo kwa kidole na hizo tatu zinajitokeza. Lakini mtoto ambaye hajalishika kwa mkono anaona picha inabadilika tu. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona sasa limekuwa lingine?"

Ndiyo maana sisi tunaanza na chelewa za ufagio na muhogo mbichi. Chelewa zinakatwa urefu sawa, muhogo unakatwa vipande vidogo vya kuchomekea. Kila kipande cha muhogo ni kipeo, yaani ncha ambapo kingo zinakutana, na kila chelewa ni ukingo. Aliyepungukiwa chelewa hana haja ya kuambiwa kwamba zinatakiwa 12, maana umbo linamlegea mkononi. (Shida yetu ni kwamba vipeo huliwa kabla kipindi hakijaisha.)

Kisha tunafungua maboksi ya sabuni na dawa ya meno, tunayalaza juu ya dawati. Msichana mmoja alininyooshea la kwake akauliza kama vile vipande vya kupakia gundi navyo vinaingia kwenye eneo. Kitabuni swali hilo halimo, tukabishana mpaka kengele. Mwenye kiwanda lazima avihesabu, karatasi anainunua. Kwenye mtihani havihesabiwi. Halafu kuna miraba sita: ziko njia 11 za kuipanga ikunjike kuwa mchemraba, na darasa langu bado linazitafuta. Walioipanga yote kwenye mstari mmoja wameshaona wenyewe kwamba inazunguka na kurudiana, pande mbili zikabaki wazi.

Hapo sasa kishikwambi kina kazi. GeoGebra ni programu ya bure ya kuchora na kugeuza maumbo, na ukishaipakua inafanya kazi bila bando. Kishikwambi kimoja kwa kikundi kinatosha. Wanakunja na kukunjua umbo kwenye kioo, boksi likiwa kando, tena wanaona jambo ambalo kwa mikono ni kazi ngumu: kila ukingo wa mchemraba ukirefushwa mara mbili, ujazo unakuwa mara nane. Darasani kwangu karibu wote walikuwa wamekisia mara mbili.

Kinachotukwamisha si uchache wa vifaa. Vishikwambi tulivyonavyo vinajazia taarifa, vikimaliza vinarudi kabatini. Mafunzo niliyopata mimi yalikuwa ya kuwasha na kujaza fomu. Vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) tunavyo, na kimoja kikitengwa kwa ajili ya maumbo tu, kila mwalimu aje na boksi lake na kisu, tutaondoka na masomo ya muhula mzima. Wazazi nao wana neno. Mmoja alikuja kusema mwanawe ameletwa kusoma, si kuchezea takataka. Nikamwonyesha swali la ujazo la darasa la saba, akanyamaza, ingawa sidhani kama aliridhika.

Naomba ofisi za elimu za halmashauri zituwekee programu hiyo kwenye vishikwambi kwa mkupuo, maana wengi wetu tunaipakua kwa bando la mfukoni. Na wenye maduka hapa Newala, tafadhali msichome maboksi. Wekeni pembeni, watoto watapita kuyachukua Ijumaa jioni.

Mwalimu wa Hisabati,
Newala, Mtwara