Sekyuriti si barua ya sheha tu

Mhariri, assalamu alaykum. Naomba nafasi nami niseme kidogo kuhusu hizi kazi za sekyuriti, maana vijana wetu wengi hapa Pemba ndo wanakokimbilia siku hizi, kamaliza skuli hana pa kwenda basi anapanda boti anakwenda Unguja kutafuta ulinzi kwenye mahoteli ya Nungwi na Paje.

Masharti wanayopewa ni makaratasi matupu. Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, barua ya sheha, picha za paspoti, wadhamini, na wengine wanataka alama za vidole za polisi. Sawa, sikatai, mtu lazima ajulikane katoka wapi. Lakini ukishapeleka hayo jioni yake unapewa sare na tochi na rungu, kaa getini! Mwanangu kafanya hoteli moja (siitaji) msimu mzima, mtungi wa kuzimia moto uko nyuma ya kiti chake na hakuna hata siku moja alipoambiwa kuwa ile pini inavutwa kwanza ndo uminye, na hoteli yenyewe ya makuti, cheche moja na upepo wa kusi basi tena. Na akimkamata mwizi je? Ampige, amfunge kamba, au amshike tu mpaka polisi waje? Hajui, na mwizi akiumia wa kwanza kubebwa na kesi ni yeye.

Uingereza tokea sheria yao ya 2001 husimami mlangoni mwa klabu bila leseni, uwe umetimia miaka 18, umesoma kozi ukafaulu, umechunguzwa kama una rekodi ya jinai, na siku hizi huduma ya kwanza lazima uwe umesoma, halafu ikifika miaka 3 unaomba upya. Mtasema hao Wazungu wana pesa, haya, hapo Kenya tu wana sheria ya 2016 inayotaka mlinzi asajiliwe na apewe mafunzo.

Sie Zimamoto na Uokozi tunao, polisi tunao, kwani wakikaa pamoja wakatoa kozi hata ya wiki mbili, anaefaulu akapewa kadi yenye picha, kuna tabu gani? Ila ada alipe muajiri, sio kijana ambae hata nauli ya boti kakopa, la sivyo kadi zote zitaishia kwa wenye wajomba zao maofisini.

Msomaji wako,
Machomane, Chake Chake