Metali za kioo: mmesifia simu, transfoma mmeipa mstari mmoja

Mhariri,

Makala yenu kuhusu metali za kioo nimeisoma yote na nimefurahi kuona mada hii gazetini, ila mmesifia sana kava za simu zitakazotengenezwa nazo, na mmeandika kama vile ni chuma kipya kisichovunjika ambacho kesho kutwa kitashika nafasi ya chuma cha madaraja. Hapana jamani, hiyo ndo kazi isiyoifaa kabisa.

Kwanza msomaji asidhani inaonyesha upande wa pili. Ni metali, inang'aa na inapitisha umeme, tofauti iko kwenye atomu. Metali ya kawaida ikipoa atomu zinajipanga safu kwa safu zinakuwa fuwele, hii inapozwa haraka mno hadi atomu zinaganda zikiwa bado zimechanganyikana vile zilivyokuwa kwenye kimiminika. Mwaka 1960 kule chuo kikuu cha Caltech, Marekani, mwanasayansi Pol Duwez na wenzake walifanya hivyo kwa aloi (mchanganyiko ulioyeyushwa pamoja) ya dhahabu na silikoni, spidi ya kupoza kama digrii milioni moja kwa sekunde, na kwa spidi hiyo unapata kitu chembamba tu, kinene hakiwahi kupoa katikati. Baadaye, mwaka 1993, watafiti Peker na Johnson, hapohapo Caltech, wakatoa aloi ya zirkoniamu, titani, shaba, nikeli na beriliamu ambayo hata ukiipoza digrii moja tu kwa sekunde haigeuki fuwele, maana atomu za saizi tofauti tofauti namna hiyo zinashindwa kukubaliana zijipange vipi. (Beriliamu vumbi lake ni sumu kwenye mapafu, hilo nalo hamkuligusa.)

Sasa nguvu. Pasipo safu za fuwele hakuna zile kasoro zinazoteleza na kufanya metali ikunjike kirahisi, kwa hiyo aloi za zirkoniamu zinabeba mkazo wa karibu megapaskali 2000 na zinavutika kama asilimia 2 kisha zinarudi zilivyokuwa, ndo maana vichwa vya fimbo za gofu vilitengenezwa nazo. Hapo mko sawa. Lakini ukizivuta kupita hapo hazikunjiki kwanza zikakupa onyo, unatokea mkanda mwembamba sana wa kuteleza ndani na kipande kinakatika palepale! Daraja linataka chuma kinachopinda kabla ya kukatika, watu wapate kukiona na kukimbia.

Halafu ile transfoma mliyoipa mstari mmoja, ndo penyewe. Aloi yenye chuma, silikoni na boroni inamwagwa ikiwa imeyeyuka juu ya gurudumu la shaba linalozunguka kwa kasi, inatoka utepe wa unene wa kama mikroni 25 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), yaani mwembamba karibu mara kumi kuliko bati la kawaida la transfoma. Sumaku ndani ya transfoma inageuka na kurudi mara 50 au 60 kila sekunde na kila mgeuko unakula umeme kidogo, usiku na mchana, hata kama hakuna aliyewasha kitu. Kwenye utepe huu sumaku inageuka kwa urahisi kwa sababu hakuna mipaka ya fuwele ya kuizuia, tena wembamba wake unabana mikondo ya umeme inayozunguka bure ndani ya kiini (ile metali ya katikati ya transfoma inayobeba sumaku), na upotevu huo wa kiini unaweza kushuka kwa asilimia 60 hadi 70.

Ubaya upo. Sumaku kwenye utepe inajaa mapema, kama tesla 1.56 (tesla ni kipimo cha sumaku) wakati bati la kawaida, la chuma chenye silikoni, linafika karibu 2, kwa hiyo kiini kinakuwa kikubwa zaidi, na utepe ukishapashwa moto kuondoa mikazo unavunjika vunjika mafundi wakiushika vibaya. Bei ya kununua pia iko juu. Ila transfoma inakaa kwenye nguzo miongo, na shirika la umeme likichagua kwa bei ya siku ya kununua tu, ule umeme unaopotea kila usiku haumo kabisa kwenye hesabu. Mwandishi wenu angewauliza hilo mainjinia wa umeme badala ya kutuhesabia simu ngapi zitakuwa na kava gumu.

Msomaji wenu