Barua ya wazi kwa Msajili wa Wahandisi: Saini ya msimamizi ipewe uzito wake

Ndugu Msajili,

Nakuandikia hadharani kwa kuwa masharti ya kumsajili mhandisi yanamgusa kila anayevuka daraja au kulala ghorofani. Mijadala yetu kuhusu masharti hayo huishia kwenye mtihani: uwe mgumu kiasi gani, na nani asamehewe kuufanya. Mimi naomba tulitazame sharti lililo kati ya shahada na mtihani, yaani ile miaka mitatu au minne ambayo mhandisi mhitimu hutakiwa kufanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Shahada huonyesha kwamba mtu amesoma, na mtihani huonyesha kwamba anaweza kukokotoa; lakini kujua ni wakati gani wa kukataa kuidhinisha mchoro ni jambo ambalo mtu hulipata kwa kukaa karibu na anayelijua.

Ushahidi wa ukaribu huo ni saini ya msimamizi, na taaluma hii ilianza kusajiliwa kwa sababu ya saini. Sheria ya kwanza ya kusajili wahandisi nchini Marekani ilipitishwa katika jimbo la Wyoming mwaka 1907, baada ya ofisi ya serikali kuchoshwa na ramani za maji ya umwagiliaji zilizochorwa na kutiwa saini na mawakili na watu wengine wasio na ujuzi wa kazi hiyo.

Na saini ya mwenye leseni nayo haitoshi ikiwa hakukagua alichokitia saini. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, jimbo la Missouri, Marekani, vijia viwili vilivyoning'inizwa juu ya ukumbi vilianguka na kuua watu 114. Usanifu wa awali ulikuwa na fimbo ndefu za chuma zilizoshuka kutoka darini, zikapita kwenye boriti za kijia cha juu hadi cha chini. Wakati wa utengenezaji kila fimbo ikabadilishwa kuwa mbili, na cha chini kikawa kimetundikwa kwenye boriti za cha juu, hata mzigo kwenye kiungo cha fimbo na boriti hizo ukawa maradufu. Michoro ya badiliko hilo ilipita ikiwa na muhuri wa mhandisi, bila mtu kukihesabu upya kiungo kile. Wahandisi wawili walifutiwa leseni zao Missouri, na ilikuwa haki.

Sasa, Ndugu Msajili, tuyatazame madaftari ya mafunzo yanayofika mezani kwako, ambamo mhitimu huandika kazi alizofanya na msimamizi huzithibitisha kwa saini. Tunajua, ingawa hatupendi kulisema, kwamba mengi hutiwa saini kwa mkupuo mwishoni mwa mwaka na msimamizi ambaye hakuwahi kuiona kazi iliyoandikwa humo. Mhitimu hana namna ya kulalamika, kwa kuwa usajili wake uko mikononi mwa mtu huyohuyo.

Ninachoomba ni kwamba msimamizi aeleze kwa maneno yake mwenyewe uamuzi ambao mhitimu aliufanya, kosa alilomsahihisha, na hesabu aliyomrudishia. Na kwamba Bodi ya usajili wa wahandisi imwite msimamizi, si mhitimu peke yake, kwenye usaili. Ikithibitika kwamba ameshuhudia asichokiona, achukuliwe hatua kama aliyegonga muhuri kwenye mchoro asioukagua.

Wapo pia wahitimu wa umeme, mitambo na programu walioajiriwa mahali pasipo na mhandisi hata mmoja aliyesajiliwa. Kwa hao, ukali pasipo njia mbadala utawasukuma kwenda kutafuta saini za kununua, kwa hiyo Bodi iwaruhusu kuwa na msimamizi wa nje, mwenye wajibu wa kufika kazini kwao kwa vipindi vinavyojulikana.

Wapo watakaosema hatua hizi zitachelewesha usajili wakati wahandisi wanahitajika. Sijaomba uongezwe hata mwezi mmoja. Naomba miaka iliyokwisha kuwekwa na kanuni itumike kufundisha. Naomba pia Bodi itoe jibu lake hadharani kabla ya kupokea maombi ya awamu ijayo, ili wasimamizi wajue mapema wanachokubali kubeba.

Wako katika taaluma,
Mhandisi msimamizi