Sogezeni boksi kabla ya kununua sabufa nyingine

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na wenye magari wa Mwanza, pamoja na mafundi wenzangu tunaofunga muziki. Mtu analipia sabufa, yaani spika ya besi, ya inchi 12, amplifaya nzuri na boksi lenye tundu, halafu akikaa kwenye usukani besi haimfikii. Aliyesimama nje nyuma ya gari anaisikia kuliko yeye. Ushauri anaopewa ni kuongeza: spika ya pili, amplifaya kubwa zaidi. Mara nyingi kasoro iko mahali boksi lilipowekwa na upande lilikoelekezwa, na kulisogeza hakuna gharama.

Boksi la aina hii linapumua. Karibu na masafa (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, tunayoihesabu kwa hezi) ambayo tundu lake limepimiwa, tuseme hezi 35, koni ya spika, ile sehemu inayosukuma hewa, inacheza kidogo sana na sauti kubwa inatoka tunduni. Kwa hiyo anayeegemeza mdomo wa tundu kwenye siti au kwenye mlango ameziba besi yenyewe. Kanuni ya kazini ni kuacha mbele ya tundu la duara nafasi isiyopungua kipenyo chake: bomba la inchi 4 linataka sentimita 10, na 15 ni bora. Tundu refu jembamba, lile la upana wa sentimita 5 linalopita ubavuni mwa boksi, liachiwe walau sentimita 10. Ukibana zaidi ya hapo, hewa inakosa njia, inapiga mluzi wa "fuuu" kila besi inaposhuka, na bomba linafanya kazi kana kwamba limerefushwa, hivyo masafa yake yanashuka chini ya yale fundi seremala aliyokusudia. Kanuni hiyo inahusu pia ndani ya boksi: mwisho wa bomba usikaribie ubao wa nyuma kuliko kipenyo chake.

Sasa umbali kutoka mlango wa nyuma. Kwenye Probox, IST au Noah, boksi husukumwa hadi likagusa siti ya nyuma, koni ikatazama nyuma, ili mizigo ipate nafasi. Sauti inakwenda kwenye mlango, inagonga, inarudi, na inakutana na ile inayotoka kwenye koni. Kuna masafa ambayo hizi mbili zinauana. Kuyapata, chukua mwendo wa sauti, mita 343 kwa sekunde, ugawe kwa mara nne ya umbali wa koni hadi mlangoni. Umbali wa mita 1 unatoa hezi 86, na hapo ndipo mdundo wa ngoma unapogonga. Umbali wa sentimita 30 unatoa hezi 286, mahali ambapo sabufa iliyokatwa kwenye hezi 80, yaani isiyopewa sauti za juu ya hapo, haina tena kazi. Hesabu hii ni ya kuanzia tu, maana vioo, paa na siti navyo vinarudisha sauti kwa namna yao, lakini inaeleza kwa nini boksi lililo karibu na mlango wa nyuma, likitazama mlango huo, hushinda lililo katikati ya gari. Sauti za chini kabisa haziguswi sana na jambo hili. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu, refu kuliko gari lenyewe. Kinachobadilika sana ni kati ya hezi 50 na 90.

Namna ya kutafuta mahali pake ni hii. Weka sauti ya jaribio ya hezi 50, halafu 60, 70 na 80, zote kwa kiwango kilekile. Funga milango na vioo vyote, mlango wa nyuma pia, kwa sababu gari lililo wazi linadanganya. Mmoja akae kwenye siti ya dereva. Mwingine aanze na boksi likiwa na nafasi ya sentimita 15 kutoka mlangoni, kisha 30, kisha 45, akibandika selotepu sakafuni kila kituo. Kisha geuzeni boksi litazame juu, mrudie. Programu ya simu ya kupima kelele inatosha kulinganisha kituo na kituo kwa sauti ileile, ila namba yake msiiamini peke yake, maana maiki nyingi za simu hazisikii besi sawasawa. Mkishapata mahali, badilisheni nyaya za chanya na hasi kwenye sabufa na msikilize tena hezi 80. Mpangilio wa nyaya unaosikika kwa nguvu kwenye usukani ndio unaokubaliana na spika za mbele. Jambo hili dogo hurukwa sana, na linaua besi kuliko amplifaya dhaifu.

Magari ya saluni kama Premio au Mark X yana shida yake, kwa sababu buti limetengwa na siti. Lielekeze boksi nyuma na uache sentimita 20 hadi 30, au lielekeze mbele lishikamane na uwazi wa siti, na mianya yote pembeni izibwe kwa sponji na ubao. Ukichagua mbele, koni na tundu vyote viingie upande wa abiria. Koni ikiwa ndani na tundu likabaki butini, umewanyima abiria sauti ile ya chini uliyolipia.

Noah zinazobeba abiria na daladala zinanisikitisha zaidi. Boksi linawekwa nyuma ya siti ya mwisho, baadaye gunia la dagaa au begi linaegemezwa kwenye tundu. Likizibwa, koni inalazimika kucheza zaidi palepale ilipopaswa kupumzika, besi inakufa, dereva anaongeza sauti, na koili, ule waya uliosokotwa ndani ya spika, inaungua. Chomelea fremu ya nondo nyembamba iliyotoka sentimita 15 mbele ya boksi, uivalishe wavu. Mzigo utaishia hapo. Na boksi lisizibe kamwe njia ya dharura ya abiria.

Kwetu huku ziwani kuna unyevu, na magari yanaoshwa kwa maji mengi hadi zulia la sakafu linalowa. MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ikinyonya maji inavimba chini, viungio vinaachia, na hewa inaanza kuvuja. Plaiwudi ya milimita 18 inavumilia zaidi. Hata hivyo liinue boksi kwa vipande vya mpira vya sentimita 1 na uzibe viungio vya ndani kwa silikoni.

Mwisho ni kulifunga. Boksi la inchi 12 likiwa na spika linaweza kufika kilo 30, na ukishika breki ghafla kwenye mteremko wa Bugando litakuja mbele kwa abiria. Tumia mabano ya chuma na bolti za milimita 8 zenye washa pana. Kabla ya kutoboa sakafu, ingia chini ya gari uone tanki la mafuta na mabomba ya breki yalipo. Amplifaya isifungwe juu ya boksi, kwa kuwa mtikisiko unalegeza skrubu na solda. Fyuzi ya waya wa umeme wa amplifaya ikae ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Na fundi asitoboe chochote kabla mwenye gari hajakaa kwenye usukani na kusikia vituo vyote vitatu.

Fundi wa muziki wa magari,
Mabatini, Mwanza