Kabla ya Jumapili: ule mkono unaopungwa

Ndugu zangu, habari za jioni. Tangu mechi iliyopita ya futiboli ya Marekani watu wananiandikia pembeni: "Mbona yule mpokeaji hakuguswa na mtu?" Nijibu hapa mara moja, vidole vimechoka.

Mpira wa panti (teke la kuwaachia wapinzani mpira) ukiwa bado hewani, mpokeaji akinyoosha mkono mmoja juu ya kichwa na kuupunga huku na huku, ameomba fea kechi. Wapinzani wampishe adake. Wakimgonga au kumzuia, adhabu ni kurudishwa nyuma yadi 15. Naye akishadaka hakimbii, timu yake inaanzia palepale. Ila mkono haumkingi na uzembe: mpira ukimponyoka ukaanguka, ni wa atakayeuwahi.

Kwa mateke ya kawaida ya kuanzisha mchezo, msiusubiri mkono huo. NFL, ligi kuu ya mchezo huu, imeuondoa huko tangu 2024.

Sasa utamu wenyewe. Timu iliyopata fea kechi inaweza kupiga goli la teke, mpira upite kati ya nguzo, kutoka hapohapo, wapinzani wakisimama yadi 10 mbele, bila kumrukia mpigaji. Tarehe 19 Desemba 2024 Cameron Dicker wa timu ya Chargers alilipiga hivyo dhidi ya Broncos, yadi 57, likaingia! La mwisho kabla ya hapo lilifungwa 1976. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai, nikalikosa.

Jumapili tunaanza saa saba mchana. Aliyeahidi sambusa asije na maneno matupu.